Saa ya Darasa ni ya Kinywa

Yapo makundi mawili yanayoshindana siku hizi juu ya mafundisho ya lugha za kigeni. Kundi la kwanza lasema kwamba kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi, pamoja na simu na mtandao wa intaneti, imekwisha kumpita mwalimu, na kwamba shule isiyoitanguliza mbele imepitwa na wakati. Kundi la pili lasema kwamba chombo hicho ni mchezo wa watoto, wala hakistahili kuvuka kizingiti cha darasa. Mimi si wa kundi la kwanza wala si wa kundi la pili, lakini nisidhaniwe kuwa nimesimama katikati kwa woga. Nina dai langu, nalo ni hili: katika mwaka wa kwanza wa kujifunza lugha, saa ya darasa ni mali ya kinywa na sikio. Kompyuta ipewe kazi kabla ya saa hiyo na baada yake, na kazi hiyo ni kubwa. Lakini saa yenyewe isiguswe. Msomaji, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu.

Nimechagua Kihispania kuwa mfano wa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni lugha iliyoenea sana. Ni lugha ya serikali katika nchi 20: Hispania yenyewe, nchi 18 za bara la Amerika tangu Mexico mpaka Chile na Argentina, na nchi moja ya Afrika, Guinea ya Ikweta. Huko Marekani ndiyo lugha ya kigeni inayosomwa na wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote. Kwa hiyo kila mashine iliyobuniwa kwa ajili ya kufundisha lugha imejaribiwa juu ya wanafunzi wake, na majaribio hayo yametuachia mafunzo. Pili, Kihispania si mgeni wa mbali sana kwa sisi tusemao Kiswahili. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu kama zetu. Kitenzi chake humbeba mtendaji tumboni kama kitenzi chetu: Mhispania husema hablo, neno moja tu, nasi husema nasema, neno moja tu. Tena ndugu yake Kireno kilipita katika pwani yetu zamani na kutuachia maneno. Sisi twasema meza, Mhispania asema mesa. Sisi twasema bendera, yeye asema bandera. Basi hata wewe ambaye hujasoma Kihispania waweza kuifuata mifano yangu bila taabu.

Tuanze na historia, maana wasemao kwamba kompyuta imeleta zama mpya aghalabu hawajui kwamba maneno yao yamekwisha kusemwa na babu zao. Mwaka 1957 Wasovieti walirusha angani chombo kiitwacho Sputnik. Wamarekani waliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma, na mwaka uliofuata, 1958, walitunga sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Fedha nyingi zilitolewa, na sehemu yake ikajenga maabara za lugha. Mwanafunzi aliketi katika kijumba chake, akavaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza utepe ukisema maneno ya Kihispania au Kifaransa, akayarudia. Ilitangazwa kwamba tatizo la lugha limekwisha. Haikupita miaka mingi, uchunguzi uliofanywa katika shule za eneo la New York juu ya wanafunzi wa Kifaransa, na kutolewa mwaka 1963, ulionyesha kwamba wanafunzi wasioingia maabara hawakushindwa na walioingia, na katika mambo kadhaa waliwapita.

Kwa nini? Utepe haukuwa mbaya. Sauti yake ilikuwa safi, na mara nyingi ilikuwa safi kuliko ya mwalimu. Lakini utepe haukujua kama mwanafunzi anarudia maneno au anasinzia. Haukujua kama ameelewa au anaiga kama kasuku. Ulisema, ukanyamaza, ukasema tena. Vijumba vingi vilibaki na mavumbi, na shule zikarudi kwa walimu wao.

Tangu mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa kimeanza kutumia kompyuta iliyoitwa PLATO kwa kufundishia, nayo ilidumu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2012 ikafunguliwa kwa watu wote programu ya Duolingo, iliyoanzishwa na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala ambaye Kihispania ni lugha ya kwao, pamoja na Severin Hacker wa Uswisi. Leo kijana yeyote mwenye simu na intaneti aweza kuanza Kihispania bila kulipa ada. Hili ni jambo jema, na asiyelisifu ana kijicho. Lakini jambo jema likisifiwa kupita kipimo hugeuka hasara. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wamekuwako watu wanaosema kwamba kwa kuwa programu ipo, mwalimu wa mwaka wa kwanza si wa lazima tena. Hao ndio ninaotaka kushindana nao.

Nawauliza: anayeanza Kihispania ana kazi gani? Kazi yake ya kwanza ni ya ulimi. Pero maana yake ni lakini; perro maana yake ni mbwa. Tofauti ni mtetemo wa ulimi katika herufi moja. Kazi ya pili ni ya mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa aghalabu katika silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuufikirii, kama mtu asivyofikiri anavyovuta pumzi. Katika Kihispania mkazo hubadili maana. Hablo, mkazo ukiwa mwanzoni, ni nasema. Habló, mkazo ukiwa mwishoni, ni yeye alisema. Basi Mswahili akiufuata mkazo wa kwao, atakuwa amechukua tendo la mtu mwingine la jana na kulifanya lake la leo. Mtoto wa Mexico humwita baba yake papá. Akikosea mkazo na kusema papa, amemwita kiazi. Mambo haya hayajulikani kwa kusomwa. Huingia kwa kutamkwa mbele ya mtu ambaye, ukikosea, uso wake hukuambia kwamba umekosea.

Sasa tazama kazi inayofanywa na mwanafunzi mbele ya kompyuta. Mazoezi mengi humwonyesha picha nne na neno moja, naye hubonyeza picha inayolingana na neno. Akipata hupewa alama, na kengele ndogo hulia kwa kumpongeza. Mazoezi mengine humpa maneno yaliyokwisha kutawanywa, naye huyapanga. Hakika anajifunza kitu: anajifunza kutambua. Lakini kutambua si kutamka. Kuijua sura ya mtu unapokutana naye sokoni si sawa na kulikumbuka jina lake unapotaka kumwita. Mwanafunzi anaweza kubonyeza siku mia bila kukosa, na siku ya mia na moja akikutana na mgeni kutoka Bogotá amwulizaye njia, akabaki kinywa wazi. Maneno yote anayo, ila hayana njia ya kutokea. Mtoto wa Lamu hajifunzi kuogelea kwa kuitazama picha ya bahari, ijapokuwa picha ni nzuri na bahari ina papa.

Hapa mshindani wangu atasema: "Hayo yalikuwa ya jana. Kompyuta za leo husikia sauti ya mwanafunzi na kuipima. Tena imekuja akili unde, nayo huzungumza Kihispania kwa saa nzima bila kuchoka, na kujibu kila linaloulizwa." Hoja hii ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli kwamba mashine za leo huzungumza, na ya kwamba utepe wa mwaka 1958 haukuweza hata nusu ya hayo. Mwanafunzi mwenye haya, ambaye hufa kwa woga akiitwa kusimama mbele ya wenzake, aweza kufanya mazoezi na mashine chumbani mwake mpaka ulimi ukalegea. Mimi namwambia afanye hivyo.

Lakini mazungumzo ya watu yana kitu ambacho mazungumzo na mashine hayana: kila mmoja anamhitaji mwenzake. Nikikuuliza kwa Kihispania jina lako, kwenu, na idadi ya ndugu zako, nataka kujua, na wewe wajua kwamba nataka kujua. Ukinijibu vibaya, mimi sitaelewa, na hasara itakuwa yetu sote wawili. Kwa hiyo utajaribu tena kwa njia nyingine, kwa mikono, kwa neno jingine, mpaka tuelewane. Juhudi hiyo ndiyo inayokijenga kinywa. Mashine husamehe mno. Ukitamka nusu ya neno, hukisia nusu iliyobaki na kuendelea. Haina haya ya kukuaibisha, walakini haina furaha ya kukuelewa. Ukichoka waizima, na haikuulizi kesho ulikuwa wapi. Mwenzako darasani huwezi kumzima.

Zaidi ya hayo, lugha si maneno tu, ni adabu. Kihispania kina neno la kumwambia rafiki, tú, na neno la kumwambia mtu mzima au mgeni, usted, ambalo lilitokana na maneno ya kale yenye maana ya hisani yenu. Huko Argentina na Uruguay rafiki huambiwa vos. Na katika sehemu za Colombia, watu wa nyumba moja huweza kuambiana usted bila kuwa na ugeni wowote kati yao. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo na marahaba twajua vizuri kwamba neno moja la heshima likikosekana, maneno mia yaliyo sahihi hayaponyi kosa. Kiingereza kina neno moja tu kwa wote. Basi kijana akiipa mashine sentensi ya Kiingereza ili imtafsirie, mashine itajuaje kwamba anamwandikia nyanya wa rafiki yake na si rafiki mwenyewe, asipoiambia? Na anayeanza ataijulishaje, ikiwa hajui kwamba tofauti ipo?

Jambo hili la kutafsiriwa na mashine lataka neno la peke yake, maana ndiyo dawa ya usingizi inayonywewa na wanafunzi wengi. Chukua sentensi nyepesi ya Kiswahili: Mwalimu wetu amechoka. Kiswahili hakitaji kama mwalimu ni mwanamume au mwanamke, wala hakioni haja. Kihispania hakina ruhusa ya kunyamaza. Kama ni mwanamume, itakuwa nuestro maestro está cansado. Kama ni mwanamke, itakuwa nuestra maestra está cansada. Maneno matatu kati ya manne yamebadilika. Mashine hukisia. Mwanafunzi hupokea kisio, akalinakili katika daftari, akampelekea huyo mwalimu, ambaye ni mwanamke, habari kwamba amekuwa mwanamume. Lakini kosa hilo si kubwa kama lile lililojificha nyuma yake. Kubwa ni kwamba kijana huyo hakuwahi kusimama katika njia panda ya maestro na maestra na kuchagua. Kuchagua huko ndiko kujifunza. Anayebebwa kuvuka mto kila siku hawezi kusema kwamba anaujua mto.

Nimeipinga mashine vya kutosha. Sasa haki yataka niseme mema yake, na mema yake ni mengi. La kwanza ni sauti. Mwalimu mmoja ana lafudhi moja. Kupitia intaneti mwanafunzi wa Nairobi au wa Chicago husikia redio ya Madrid, ambako herufi z hutamkwa kwa ncha ya ulimi katikati ya meno. Akahamia Mexico, ambako herufi hiyo hiyo ni s. Akamsikiliza na Mwafrika mwenzake wa Malabo asemaye lugha hiyo kwa namna ya kwao. Hakuna mwalimu duniani awezaye kuwa watu hao wote.

Mema ya pili ni kurudia. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapa matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Alionyesha kwamba tulichojifunza huanza kutoroka upesi sana, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hushika kuliko marudio mengi ya siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya kutumia kanuni hiyo kwa kadi na sanduku lenye vyumba: neno ulilolijua hupelekwa chumba cha mbele na kungoja siku nyingi, neno lililokushinda hurudi chumba cha kwanza uonane nalo kesho. Kompyuta huifanya kazi hiyo kwa uaminifu wa karani asiyesahau. Hapa sina ubishi nayo. Tena natoa shukrani, kwa sababu kila neno linalokaririwa nyumbani humwachia mwalimu nafasi darasani. Na kwa mwanafunzi asiye na kompyuta, kadi za karatasi na kibweta cha viatu humpa karibu faida ile ile; haba na haba hujaza kibaba.

Mema ya tatu ni kukutanisha watu. Darasa la Nairobi laweza kupatana na darasa la Lima, hawa wakafunza Kiingereza na wale wakafunza Kihispania, kila mmoja akawa mwalimu kwa nusu saa na mwanafunzi kwa nusu saa. Hapo mashine imekuwa daraja. Nani atalichukia daraja?

Sasa nafika penye kiini cha hofu yangu, nacho si mashine, bali ni mkono unaoishika. Husemwa kwamba walimu ni haba na mishahara ni ghali, basi mashine ijaze pengo. Tujiulize nini hutokea pengo likijazwa hivyo. Nchi ya Peru, ambayo Kihispania ndiyo lugha kuu ya shule zake, iliwagawia watoto wa shule laki kadhaa za kompyuta ndogo tangu mwaka 2008, katika mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za mashambani, na kutolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliona dalili njema kiasi katika uwezo wa jumla wa kufikiri. Lakini katika mitihani ya hesabu na lugha haukuona faida. Kompyuta zilifika, mwalimu wa kuzitia maana katika somo hakuandaliwa vya kutosha. Sisi Wakenya tulianza kuwagawia watoto wa darasa la kwanza vishikwambi mwaka 2016. Hatuna ruhusa ya kuisoma habari ya Peru kama hadithi ya watu wengine.

Tazama kwa upande wa pili jinsi wenye uwezo wafanyavyo wanapotaka jambo kwa kweli. Serikali ya Marekani, ambayo haikosi mashine ya aina yoyote, inapotaka mwanadiplomasia wake ajue Kihispania humpeleka katika chuo chake cha mambo ya nchi za nje, ikamweka katika kikundi kidogo mbele ya mwalimu kwa muda wa wiki 24 hadi 30, na siku yake nzima ya kazi ikawa ni hiyo. Na taasisi ya Instituto Cervantes, iliyoanzishwa na Hispania mwaka 1991 kwa ajili ya kuieneza lugha yake, hutoa mtihani uitwao DELE. Mtihani huo una sehemu ya mazungumzo, na mtahiniwa huzungumza na mtahini aliye mtu. Kama mashine ingetosha, hao wangekuwa wa kwanza kupunguza gharama zao.

Hatari niionayo ni hii: kwamba siku itafika ambapo mtoto wa tajiri atafundishwa na mtu, na mtoto wa maskini atafundishwa na mashine, kisha wote wawili waambiwe kwamba wamepata elimu sawa. Mahali pasipo na mwalimu kabisa, mashine ni afadhali kuliko ukimya, hilo silikani. Lakini ukosefu usipewe jina la maendeleo. Mwenye njaa akipewa embe bichi atalila na kushukuru, ila aliyempa asitangaze kwamba amemwandalia karamu.

Na kundi la pili nalo lisidhani kwamba nimelisahau. Wako walimu wanaoiogopa kompyuta kwa sababu moja tu, kwamba wao wenyewe hukitumia kipindi chote kunena. Huandika hablo, hablas, habla ubaoni, huwaamuru wanafunzi kuyanakili, kisha kengele hulia. Kwa miezi tisa mwanafunzi hakutamka sentensi moja iliyo yake. Mwalimu wa namna hiyo hana haki ya kuilaumu mashine. Yeye mwenyewe ni utepe wa mwaka 1958, ila sauti yake haikurekebishwa. Mashine itampokonya kazi, na sitamlilia. Nitetealo mimi ni darasa ambalo watu husemezana, si kiti cha mtu mmoja.

Basi tufanyeje? Tuchukue hesabu iliyo wazi. Kipindi cha shule zetu za sekondari ni dakika 40, na darasa lina wanafunzi 40, pengine zaidi. Mwalimu akimsikiliza kila mmoja kwa zamu, kila mwanafunzi atasema kwa dakika moja na kukaa kimya kwa dakika 39. Mpenda mashine hufurahi akisikia hesabu hiyo, akasema, "Wapeni vipokea sauti, wote 40 waseme kwa pamoja." Lakini hesabu hii ina jibu jingine lisilohitaji umeme. Wapange wawili wawili, nao wabadilishane zamu. Kila mmoja atapata karibu dakika 20 za kusema, na dakika nyingine 20 za kumsikiliza mtu anayesema jambo ambalo hakulitarajia. Mwalimu apite kati yao, arekebishe hapa, atie moyo pale. Kelele itakuwako. Ni kelele ya kazi, kama kelele ya wapiga nyundo kwa wahunzi, na mkuu wa shule asipeleke mtu kuinyamazisha.

Kabla ya kipindi, mwanafunzi asikilize kwa robo saa, nyumbani au katika maktaba, sauti na maneno ya somo lijalo, ayakariri kwa programu au kwa kadi. Hapo ndipo kompyuta ina ufalme wake. Darasani, mashine zifungwe na vinywa vifunguliwe. Baada ya kipindi, mwanafunzi ajirekodi akisimulia mambo matatu aliyoambiwa na mwenzake, au amwandikie barua rafiki aliye ng'ambo. Akitaka kutumia mashine ya kutafsiri, asikatazwe, kwa maana katazo lisiloweza kusimamiwa hufundisha udanganyifu. Bali alete darasani alichoandika yeye na kilichoandikwa na mashine, wenzake wavipime, na aeleze kwa nini hapa ni maestro na pale ni maestra. Na mtihani wa mwisho wa mwaka uwe na sehemu ya kusema, yenye alama zisizopungua zile za kuandika. Maana mwanafunzi ana busara ya mfanyabiashara, hufanya kile kinacholipwa. Tukiendelea kutoa alama kwa kubonyeza, tutapata wabonyezaji.

Hayo niyasemayo juu ya Kihispania ni kweli kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina ambacho vijana wetu wanakisoma, na ni kweli vile vile kwa Kiswahili kinachofundishwa katika vyuo vya Ulaya na Amerika kwa mashine hizo hizo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila anapofika shuleni mchuuzi wa mashine mpya mwenye picha za kuvutia na ahadi kubwa, tumkaribishe kwa adabu, tumpe kiti, kisha tumwulize swali moja: katika dakika 40 za chombo chako, mwanafunzi atasema na mtu kwa dakika ngapi? Akiwa na jibu zuri tununue. Akianza kutuonyesha kengele na alama za rangi, tumshukuru na kumsindikiza mlangoni.

Nawe kijana usomaye kurasa hizi, hukumu ni yako, kwa kuwa ulimi ni wako. Simu iliyo mfukoni mwako ina walimu wa sauti mia, nayo haina ubahili. Itumie usiku na mchana. Lakini ukiingia darasani, iweke chini, mgeukie aliye karibu nawe, umwambie buenos días hata kama ulimi unagongana na meno. Atacheka, nawe utacheka. Kisha ungoje akujibu.